Kistari cha Nyumba ya Saba

Nimewahi kusimama mbele ya kijiji kizima nikiwa nimevaa kaniki ya mama mkwe wangu. Acheni kucheka kwanza, maana hapo bado sijafika kwenye aibu yenyewe. Miaka mingi nimewaacha watu wa kwetu wanisimulie wapendavyo, kila mmoja akitia chumvi yake, wapo wanaosema nililia (uongo), wapo wanaosema nilikimbia mpaka Ilongero (uongo pia, ningekimbiaje na kaniki?), basi leo nasema mwenyewe kwa mdomo wangu, na pale mtakapoona jambo limezidi kutia haya, mjue nimelipunguza.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kazi, yaani mtu wa kugawa watu, huyu akalime, huyu akafyatue matofali, huyu akachote maji. Tulianza familia kumi na mbili tu, tuliokubaliana wenyewe, na kazi yangu ilikuwa nyepesi kuliko kuchunga mbuzi wawili. Asubuhi nasimama juu ya jiwe, nasema, "Ndugu zangu, leo tunapalilia uwele upande wa bondeni," wanaitikia, tunakwenda. Nilikuwa nawajua wote, na watoto wao, na mbwa wao kwa majina.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini, malori yakaanza kuteremsha watu kutoka vitongoji vya mbali, na vinu vyao, na milango waliyoing'oa kwenye tembe zao, na kuku wamefungwa miguu wanapiga kelele kama vile wao ndio hawakuulizwa. Kumi na mbili wakawa arobaini, arobaini wakawa tisini, na mimi bado niko juu ya jiwe langu nikipaza sauti. Sauti ikakauka. Mke wangu Naomi akawa ananikorogea asali kwenye maji ya moto kila asubuhi, naye ananiambia, "Baba Elia, utakufa kwa kupiga kelele, halafu waandike umekufa kwa maendeleo."

Sasa sikilizeni ilipoanzia. Siku moja niko kando ya lori na daftari langu, napokea wahamiaji, "Karibu ndugu, jina lako nani, mko wangapi," naandika bila hata kuinua kichwa, na kikashushwa kinu, kikashushwa kitanda cha kamba, akashushwa mbuzi, kisha ukashuka mguu ninaoufahamu. Nasema mguu kwa sababu uso wa mama mkwe wangu sikuwa naujua vizuri. Miaka sita ya ndoa nilikuwa namwamkia nimeinama, nikiwa upande wa pili wa ua, kwa hiyo niulizeni miguu yake nitawaeleza mpaka ufa wa kisigino, lakini uso, hapana. Nilitupa daftari pale pale, nikazunguka gurudumu la lori, nikaingia kwenye mtama wa watu, nikachuchumaa huko mpaka lori likaondoka.

(Kwa wale waliokulia mjini niwaeleze: kwetu mkwe ni mkwe. Hupiti naye njia moja, ukimwona anakuja unaacha njia unaingia porini hata kama pori lina miiba. Huli mbele yake. Humgusi. Na jina lake hulitamki, si mbele yake wala nyuma yake, hata kama kuna mtu mwingine mwenye jina hilo hilo utamtafutia jina jingine. Huo si woga, ni heshima, ingawa mtu akikuona kwenye miiba anaweza kudhani ni woga.)

Alikuwa mjane, mabinti wote wameolewa, na walimpa nyumba ya saba. Mimi nilikuwa nyumba ya nne, mstari huo huo.

Kesho yake nikapanda jiweni. Nikafungua kinywa niseme, "Kikosi cha kwanza, chukueni majembe," nikaona safu ya mbele ile miguu. Jamani, ningewezaje? Nimpazie sauti mama mzazi wa mke wangu, nimwamrishe ashike jembe, haraka haraka, kama mtoto wangu? Nikasema, "Leo... leo kila mtu afanye anachoona kinafaa." Watu wakatazamana, kisha kila mtu akaona kinachofaa ni kurudi kulala. Siku ya pili nikatuma habari kwamba naumwa tumbo. Siku ya tatu nikapata akili ambayo wakati ule niliiona kubwa sana, nikasema nitaongoza kwa maandishi.

Kila Ijumaa mchana nikawa nakaa mlangoni na karatasi tatu, katikati nimeweka kaboni, naandika taarifa ya wiki: kazi zilizofanyika, kazi zitakazofuata, nani yuko kikosi gani, na kila mtu amefika kazini siku ngapi kati ya sita. Nakala ya kwanza naibandika kwenye ubao (ulikuwa mlango wa tembe ya mtu, tumeusimamisha kwa nguzo mbili, karatasi nazibana kwa miiba ya mgunga). Nakala ya pili nampa balozi wetu, Mzee Ntandu, awasomee wasiojua kusoma, maana yeye alikuwa na sauti ya kengele na aliipenda mwenyewe. Ya tatu inakwenda wilayani kwa basi. Mimi simo kabisa, nimejificha nyuma ya karatasi, na mkwe wangu anapata kazi yake kutoka kwenye mdomo wa Mzee Ntandu bila mimi kumwamrisha.

Mwanzoni watu walilalamika. "Katibu, umekuwa bubu?" aliniuliza Mama Shabani, jirani yangu wa nyumba ya tano, mwanamke ambaye hajawahi kulimeza neno. Lakini baada ya wiki tatu nne kazi ikanyooka kwa namna ambayo hata mimi sikuitegemea. Ugomvi wa zamu ya maji ukaisha, maana zamu iko ubaoni. Mtu aliyezoea kusema "mimi sikuambiwa" akakosa pa kusemea. Wavivu walipoona siku zao mbili zimekaa pale kando ya siku sita za jirani, wakaanza kuamka mapema. Nikaanza kuvimba kichwa kidogo.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo niliona nimelimaliza siku ile ile ya kwanza. Nilikuwa naandika majina, nyumba ya tano, nyumba ya sita, nikafika nyumba ya saba, kalamu ikasimama. Kuandika ni kutamka au si kutamka? Nilijiuliza kwa muda wa kutosha ugali kuiva. Mzee Ntandu ndiye atakayesoma, sauti ni yake, lakini maneno ni yangu, ina maana mimi ndiye nimelitia jina la mkwe wangu kwenye kinywa cha mtu mwingine na kulipeleka mpaka wilayani kwenye basi, limekaa na makoti ya watu. Hapana. Nikachora kistari. Nyumba ya saba, kistari, siku sita. Mzee Ntandu alipofika hapo siku ya kwanza, akakohoa tu, akaendelea, na kijiji kizima kikaelewa. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alijua kistari ni nani na kwa nini, na wazee walinisifu kwamba kijana amesoma lakini hajapotea.

Na kila wiki ilikuwa siku sita. Mwanamke yule hakuwa na mchezo, alifyatua matofali kama ana deni nayo.

Wilayani wakaandika barua ya pongezi. Walisema hakuna kijiji kingine kinacholeta taarifa kila wiki bila kukosa, na kwamba katibu wetu ni mfano. Wakaja watu watatu kutoka Kinyangiri kujifunza kwangu jinsi ya kuongoza nyumba tisini kwa karatasi, nami nikawakalisha kwenye viti, nikawaambia, huku nimekunja nne, "Ndugu zangu, uongozi wa kisasa ni maandishi, mdomo unasahau lakini karatasi haisahau." Wakaandika hayo maneno. Naomi alikuwa anawamiminia uji, akashindwa kujizuia, akasema, "Waambie na ile sababu nyingine." Nikakohoa, nikawaonesha kaboni.

Basi mwaka ule mvua ikatudanganya. Ilinyesha wiki moja, tukapanda, ikaondoka moja kwa moja. Uwele ukakauka ukiwa magotini. Ghala likawa tupu, watu wakawa wanakula mlenda na ugali kidogo, halafu mlenda na ugali mdogo zaidi, halafu mlenda. Tukaambiwa mahindi ya msaada yanakuja, yale ya njano, na wilaya imeamua kwamba yatagawiwa kwa kufuata taarifa za kazi, kila aliyefanya kazi za kijiji na fungu lake. Niliposikia hivyo sikulala kwa furaha. Kijiji gani kina taarifa kama chetu? Nilijiona kama nimewaokoa watu kwa kalamu.

Lori lilifika asubuhi, jua bado halijawa kali. Alishuka mkaguzi, mtu mrefu mwenye suti ya kaki na faili kubwa kwapani, mtu wa mbali kabisa, Kiswahili chake kinateleza hata ukikisikia unatamani kukaa chini. Hakuwa mbaya. Alitusalimu wote, akawaamkia wazee, akanishika mkono akasema, "Ndiye wewe Ndugu Katibu? Nimezisoma taarifa zako zote." Nilikuwa nimevaa kaptura yangu nzuri, nimeifunga kwa kamba ya mkonge kwa kuwa njaa ilikuwa imenipunguza kiuno, nikasimama kando ya ubao wangu kama bwana harusi.

Nyuma ya ubao palikuwa na shimo la tope la matofali. Nasema hivi mapema mjue lilikuwepo, na mjue kwamba mimi mwenyewe, katika taarifa ya Ijumaa iliyotangulia, kifungu cha nne, niliandika: watu wote wajihadhari na shimo la tope karibu na ubao.

Mkaguzi akaanza kusoma kwenye faili. Nyumba ya kwanza, jina, mtu anatoka, anasimama kando ya lori na gunia lake tupu. Ya pili. Ya tatu. Ya nne akamwita mke wangu. Ya tano Mama Shabani akatoka anacheza. Ya sita. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akavua miwani akaifuta, akaivaa.

"Nyumba ya saba," akasema, "kistari. Siku sita."

Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo, cheko lile la kuziba mdomo, si kwa ubaya, ila waliniona ninavyosimama kwa mguu mmoja.

"Wiki iliyofuata, kistari, siku sita. Wiki iliyofuata, kistari, siku sita." Akafunga faili kwenye kidole chake. "Ndugu Katibu, huyu mtu asiye na jina hajaugua, hajafiwa, hajachelewa hata siku moja, wiki kumi na mbili. Mimi mwenyewe sijawahi kufika kazini hivyo. Ni nani huyu?"

Nikafungua kinywa. Kikatoka hewa tu.

"Ni nani?"

Kicheko kikazidi, nami nikauona uso wa mkaguzi unabadilika, nikajua yeye anasikia kicheko kingine kabisa, anasikia watu waliokula njama wanamcheka mgeni. Akasema taratibu, kila neno limesimama peke yake: "Huyu ni hewa. Umemwandika mtu ambaye hayupo ili uchukue fungu lake la mahindi, mwaka huu wa njaa, watu wanakufa."

Ndugu zangu, nimewahi kuumwa na nge, nimewahi kuanguka na mzigo wa kuni mlimani, lakini sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na neno lile. Mimi, katibu wa mfano. Kicheko chote kikakatika mara moja.

Mzee Ntandu akasimama. "Ndugu Mkaguzi, mtu huyo yupo, tena ni mama wa..."

"Kaa, mzee wangu, nakuheshimu," mkaguzi akamkatiza. "Katibu ndiye aliyeandika, katibu ndiye atakayesema."

Hapo Mama Shabani, sijui ni njaa au ni kutaka kuniokoa (mwenyewe mpaka leo anasema vyote viwili), akapiga kelele, "Kistari ni mimi!" wakati fungu lake la nyumba ya tano ameshaitiwa. Mwanamke mwingine nyuma naye akainua mkono, "Hata mimi ni kistari!" Na wa tatu akasema kistari alikuwa marehemu shangazi yake. Mkaguzi akafunga faili kwa kishindo. Akamwambia dereva asishushe gunia jingine, na yaliyoshuka yarudishwe garini, mahindi yote yanarudi wilayani mpaka ijulikane kijiji hiki kina watu wangapi wa kweli na wangapi wa kistari, na katibu apande mbele, akajieleze polisi.

Nikaona wanaume wawili wanalichukua gunia la kwanza lililoshuka, wanalirudisha juu. Nikamwona Naomi ameshika gunia lake tupu kifuani. Watu wa nyumba tisini walikuwa wananitazama mimi, tena hawakuwa na hasira, walikuwa wananisubiri, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mara ya mwisho," mkaguzi akasema. "Taja jina lake, na unioneshe kwa kidole yuko wapi."

Jina na kidole! Angeniambia nimpige kofi ingekuwa nafuu. Nikajiambia, sema, watoto watakufa njaa, wazee watakutoza mbuzi, mbuzi si kitu, sema. Nikavuta pumzi. Herufi ya kwanza ilifika kwenye meno, nawaapia ilifika. Na wakati huo huo watu wakapasuka katikati, na katika ile njia nikaiona miguu inakuja kwangu moja kwa moja.

Sasa mtu anaweza kujifunza kuandika, akajifunza kaboni, akapongezwa na wilaya, lakini miguu yake ililelewa na mama yake. Miguu yangu ikafanya ilivyofundishwa. Ikaacha njia. Ikarudi nyuma hatua moja, mbili, ikaupita ubao, na hatua ya tatu haikukuta ardhi.

Tope la matofali lililokandwa asubuhi hiyo hiyo ni kitu kizito, halikuangushi, linakumeza polepole huku unatazamwa. Niliingia mpaka kifuani. Nikajaribu kupanda, mkono unateleza, kila nikijitutumua nasikia chini ile kamba ya mkonge inalegea, inalegea, na kaptura yangu nzuri inaniaga. Hakuna aliyekuja. Baadaye waliniambia walishikwa na butwaa, na nawaamini, kwa sababu hata mkaguzi alikuwa amesimama mdomo wazi.

Ukanijia mpini wa jembe. Nikaukamata kwa mikono miwili kabla sijatazama nani ameshika upande wa pili, na nilipotazama, kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikauona uso wa mama mkwe wangu waziwazi, uso mkavu, macho kama ya Naomi, amekaza meno anavuta. Alikuwa na nguvu, jamani. Siku sita kati ya sita. Nikatoka kama muhogo unavyong'olewa, nikaanguka kwenye nyasi mbele ya nyayo zake, na nikiwa pale ndipo nilipohisi upepo wa Singida sehemu ambazo haukupaswa kufika. Kaptura ilikuwa imebaki shimoni.

Sitaki kusema zaidi juu ya hapo. Nasema tu kwamba wanawake walipiga yowe, na wazee wawili walifunika macho yao wenyewe. Mkwe wangu alikuwa ameshageuka mgongo kabla sijaanguka chini (hili nalishika kwa mikono miwili, nalirudia kila siku, alikuwa ameshageuka), akafungua kaniki ya juu aliyojitanda, akairusha nyuma bila kutazama. Ikaniangukia kichwani. Nikajifunga.

Kisha akasema. Hakunitazama, hakunitaja, alisema akiwaelekea watu, kwa Kiswahili chake kile cha kwetu, kila neno analiweka chini kama tofali.

"Mwambieni katibu. Kila Ijumaa nakwenda pale ubaoni mwenyewe, kabla Mzee Ntandu hajasoma. Ninajua kusoma, kisomo cha watu wazima nimeenda tangu nilipofika. Nikiona kile kistari nafurahi, nasema mwanangu ameolewa na mtu mwenye adabu. Ila mwambieni, adabu yake imekwenda wilayani peke yake, huko hakuna wa kuielewa. Na adabu hiyo, leo, mimi sitaisonga ugali."

Akanyoosha mkono kwa mkaguzi. Hakuomba kalamu, alinyoosha mkono tu, na mtu mzima yule mwenye suti akampa. Wakamwekea faili juu ya pipa la maji. Akaandika jina lake juu ya kistari cha kwanza. Akafunua, akaandika juu ya cha pili. Aliandika pole pole, ulimi umetoka kidogo pembeni, na sisi watu wote wa kijiji, na dereva, na mimi ndani ya kaniki, tulisimama mpaka akamaliza vyote kumi na viwili. Mkaguzi akakitazama kiganja chake alipokuwa akipokea kalamu, kilivyokauka kwa udongo. Akainama kwa Mzee Ntandu, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni mkwe wake?"

"Ndiyo."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilianza, ukaniambia nikae."

Mkaguzi akavua kofia. Akasema hata kwao huko mbali, mtu hali mbele ya mkwe, na kwamba yeye mwenyewe alipaswa kuuliza kabla ya kuhukumu. Akaamuru magunia yashuke. Akasoma nyumba ya saba kwa jina lake kamili, kwa sauti, mimi nikaziba masikio, na mama yule akachukua mahindi yake akaenda zake bila kuniangalia. Ugawaji uliendelea mpaka adhuhuri, na kwa kuwa katibu lazima atie sahihi kila jina, nilitia sahihi majina yote yaliyobaki nikiwa na kaniki nyeusi kiunoni na tope limenikauka mpaka kwenye nyusi. Kila aliyepokea mahindi alinishukuru akiwa anatazama pembeni.

Wazee walikaa kikao siku ya pili. Walibishana sana kama mpini wa jembe ni mkono au si mkono, wakaamua si mkono, hapo nilipona. Juu ya kaptura hawakubishana. Mbuzi dume mmoja na mtungi wa asali, na nikaona wamenihurumia. Kaniki nilifua mwenyewe mara tatu, Naomi akairudisha, akarudi na ujumbe: mama anasema kistari hataki tena, na jina lake asiandikiwe na mtu, ataandika mwenyewe.

Ndivyo tulivyofanya miaka yote niliyobaki katibu. Ijumaa nabandika taarifa, nyumba ya saba nimeacha nafasi, kalamu ya risasi inaning'inia kwa uzi. Nakohoa, nakwenda nyuma ya nyumba yangu. Namsikia anakuja. Anaandika. Kisha anakohoa yeye, anaondoka, nami narudi na kupeleka karatasi kwenye basi. Kijiji kilipofika nyumba mia na zaidi, kila mtu alikuwa anaandika jina lake mwenyewe pale ubaoni, na watu wa Kinyangiri waliporudi kujifunza na hilo, niliwaambia sababu yote, kaptura ikiwemo.

Tangu siku ile nimeapa, karatasi yoyote inayotoka mkononi mwangu kwenda kwa watu wasiotujua, siiachi na tundu ambalo mtu mwingine ndiye atakayelala njaa ndani yake. Na mashimo nafukia mwenyewe, siandiki. Mkwe wangu ameshatangulia, Mungu amlaze pema, na jina lake mpaka kesho naliona lilivyokaa juu ya vile vistari, herufi sita, ya tatu imegeuka nyuma kama mtu aliyeitwa njiani. Nyinyi ni marafiki zangu na nimewaambia mpaka ya kaptura, lakini hilo jina msiniulize.